Pole za Barabara ya Mweka

Mama yangu hajapata kuelewa kwa nini mtu mzima, mwenye kazi ya kukaa kitini na watoto wawili wa kulea, aamke kabla ya jogoo akakimbie na hali hakuna anayemfukuza. Mara ya kwanza nilipomweleza kwa simu kwamba nimejiandikisha kwa mbio za kilomita 42, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Unamkimbia nani?"

Nilicheka. Nikamwambia simkimbii mtu, nakimbia tu. Lakini Kiswahili hakikuniunga mkono. Katika lugha yetu mwanariadha na mtoro wanatumia kitenzi kimoja. Mkimbiaji na mkimbizi wametoka tumbo moja. Ninafundisha mnyambuliko wa vitenzi katika chuo kikuu cha Marekani, na kila nikifikia kitenzi hicho huwapa wanafunzi mifano ya viwanjani, kisha nahamia kingine upesi. Ilinichukua miaka kukiri kwamba mama aliuliza swali la haki.

Mapenzi ya riadha nilirithi kwa baba, ambaye mwenyewe sikumwona akikimbia hata siku moja. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Jioni zetu zilijaa masimulizi yake, kwa kuwa televisheni hatukuwa nayo. Tanzania Bara nzima haikuwa na kituo cha televisheni mpaka miaka ya 1990. Mashujaa wake walikuwa watatu. Wa kwanza ni Filbert Bayi, aliyeongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo mpaka mwisho mjini Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Baba alipenda kwamba Bayi hakujificha nyuma ya mgongo wa mtu. Wa pili ni Juma Ikangaa, aliyekuwa wa pili mjini Boston miaka mitatu mfululizo, 1988 hadi 1990, na mara ya kwanza akapitwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja. "Sekunde moja," baba angesema, akisonya kama aliyeibiwa. Kisha Novemba 1989 Ikangaa akashinda New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba alinituma mjini nikamnunulie gazeti lenye habari hiyo. Nililinunua, nikakaa Moshi kutwa nzima nikitazama magari stendi, nikarudi usiku na gazeti limekunjamana. Hakunichapa. Alisema tu kwamba mtoto akitumwa dukani, kazi haiishi kwa kufika dukani.

Shujaa wa tatu ndiye aliyesimuliwa kuliko wote, John Stephen Akhwari wa Mbulu. Mexico City, tarehe 20 Oktoba 1968, katika mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, Akhwari alianguka katikati ya marathoni akaumia goti vibaya. Wakimbiaji 75 walianza, 57 walimaliza. Yeye alikuwa wa 57. Aliingia uwanjani giza limeshaingia, mguu umefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma safari yote ile ili aanze mbio, bali ili azimalize. Jibu hilo limeenea dunia nzima. Nimelikuta hata katika mikutano ya walimu wa chuo, likisomwa na watu wasiojua Mbulu iko wapi.

Mwaka 2008 nilipopata nafasi ya kusomea uzamivu Marekani, ufadhili haukugharimia nauli. Baba aliuza ng'ombe wa maziwa. Siku ya kuondoka hakunihutubia, aliniambia tu, "Kumbuka Akhwari."

Alifariki Januari 2011. Nilikuwa katika mji wa Madison, jimbo la Wisconsin, katikati ya kuandika tasnifu. Viza yangu ilikuwa imekwisha muda. Kubaki niliruhusiwa, lakini nikitoka ningelazimika kuomba nyingine, na hakuna aliyeweza kuniambia ingechukua siku ngapi, wala kama ingepatikana. Nilimpigia mama nikiwa na tiketi mbele yangu kwenye kompyuta, bado sijailipia. Nadhani nilitaka anishawishi. Hakufanya hivyo. "Baba yako alisema umalize," alisema. "Sisi tutamzika."

Nikamtii upesi kupita kiasi. Hilo ndilo ambalo kwa miaka mingi sikulisema. Nililichukua jibu la Akhwari nikalifanya kinga: nilitumwa kumaliza, na aliyetumwa haachi njiani. Kila aliyeniuliza nilimpa jibu hilo, na kila aliyelisikia aliniheshimu.

Walimzika Jumamosi, saa tisa alasiri. Madison ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, giza totoro. Kaka yangu alishika simu juu ya kaburi ili nisikie. Nikasikia kwaya, nikasikia upepo kwenye migomba, kisha salio lake likakwisha. Nilikaa na simu sikioni kama mtu anayesubiri kuunganishwa. Halafu nikavaa viatu vya kawaida, makoti mawili, nikatoka mpaka ufukweni mwa ziwa Mendota, ambalo wakati huo wa mwaka huwa limeganda mtu aweza kulivuka kwa miguu. Baridi ilikuwa ya nyuzi kumi na tano chini ya sifuri. Nilianza kutembea, na bila kuamua nikajikuta nakimbia. Nilikutana na watu wawili watatu waliokuwa wakikimbia pia, wamejifunika hadi machoni. Waliniinulia mkono kwa adabu. Hawakuwa na namna ya kujua.

Wenzangu wa idara walikuja baadaye na maua, na kadi waliyoitia saini wote. Sikuidharau; ninayo mpaka leo. Lakini aliyekulia kwetu anajua kwamba msiba hupokelewa kwa kiganja. Watu huja mmoja mmoja, hukushika mkono, husema "pole", huketi. Hata kama hawana la kuongeza, huketi. Mimi sikushikwa mkono. Kesho yake nilitoka tena kukimbia, na keshokutwa yake, na tasnifu ilipokwisha mwaka 2013 mbio hazikuisha.

Marathoni yangu ya kwanza ilikuwa Chicago, Oktoba 2014. Eliud Kipchoge ndiye aliyeshinda siku hiyo, kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 11. Mimi nilitumia saa 4 na dakika 31. Kwa mpenzi wa riadha hiyo ni raha isiyopatikana katika michezo mingine: mtu wa mtaani hawezi kuingia uwanjani na timu ya taifa, lakini katika marathoni hupita juu ya lami ile ile, siku ile ile, na bingwa wa dunia, ingawa bingwa ameshaoga na kula wakati yeye anatafuta choo. Tulikuwa zaidi ya 40,000. Njia ya Chicago hupita mitaa 29 na kila mtaa hukusindikiza kwa lugha yake: Pilsen wanapiga muziki wa Kimeksiko, Chinatown wanapiga ngoma. Watu wasiokujua hulisoma jina lililoandikwa kwenye fulana yako na kulipaza kana kwamba mlisoma pamoja. Wanakuambia unapendeza. Wanakupongeza kwenye kilomita ya tano.

Na mimi walinipa jina la ziada. "Kenya!" walipiga kelele, "Kenya!" Mara ya kwanza nilipunga mkono. Kwenye kilomita ya 35, nikiwa nachechemea, mzee mmoja alinitazama kwa mshangao wa dhati, nikaona anajaribu kuelewa. Mtu mwembamba wa Afrika Mashariki kuonekana mkiani mwa kundi ni kama maji kupanda mlima. Nilitaka kusimama nimweleze kwamba mimi ni Mtanzania, mwalimu wa lugha, na kwamba hata kwetu wengi hatukimbii isipokuwa mvua ikianza. Sikuwa na pumzi.

Mwaka 2018 nilikwenda New York kwa ajili ya Ikangaa. Mbio zile huanzia Staten Island na kupitia sehemu zote tano za jiji hadi Central Park, na kelele za mashabiki hazikatiki ila mahali pachache. Pamoja ni daraja la Queensboro, baada ya nusu ya njia, ambapo watazamaji hawaruhusiwi. Ghafla kunakuwa kimya. Unasikia nyayo na pumzi za mamia ya watu, basi. Watu wengi hulichukia daraja lile. Mimi nililipenda, na nilipoteremka upande wa pili nikakutana tena na makofi, nilihisi kwamba nimekatizwa. Huko ndiko nilikoanza kushuku kwamba sikuwa nakimbia kwa ajili ya pongezi, bali nilikuwa nikitafuta kitu kingine ambacho mashabiki wa kule, kwa ukarimu wao wote, hawakuwa nacho.

Nyumbani nilikuwa nikirudi, lakini nilirudi Desemba kama Wachaga wote, wakati nyumba imejaa watu na pilau na hakuna anayeweza kuwa peke yake. Niliwekwa mbele ya kaburi pamoja na wajomba na watoto, tukasali haraka, tukarudi mezani. Mbio za Kilimanjaro huwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, katikati ya muhula. Kila mwaka huo ndio uliokuwa udhuru wangu, na ulikuwa udhuru mzuri.

Oktoba 2023 nilirudi Chicago. Nilikuwa bado sijafika nusu ya njia mwanamke mmoja kando ya barabara alipoinua simu yake na kutangaza kwamba rekodi ya dunia imevunjwa mbele yetu. Kelvin Kiptum wa Kenya, kijana wa miaka 23, katika marathoni ya tatu ya maisha yake, alikuwa amemaliza kwa saa 2 na sekunde 35. Hata sisi wa nyuma tulishangilia. Watu walikumbatiana huku wakikimbia. Nilimsimulia mama jioni ile, naye akasema, "Kumbe mlikuwa wote?" Nikasema ndiyo, tulikuwa wote, ila yeye alitangulia.

Mwezi Januari nilianza likizo ya utafiti, nikaja Moshi, udhuru wangu umekwisha. Tarehe 11 Februari 2024 Kiptum alifariki katika ajali ya gari karibu na Eldoret, pamoja na kocha wake Gervais Hakizimana. Rekodi yake ilikuwa imethibitishwa rasmi siku chache tu kabla. Asubuhi yake mama alikuwa mbele ya televisheni na rozari mkononi. "Huyu ndiye mliyekimbia wote?" aliuliza. "Maskini, mtoto wa watu. Na wazazi wake watamzika wao." Alizima televisheni, akakaa. Kisha akasema kwamba siku ya mbio zangu atatoka barabarani anione.

Marathoni ya Kilimanjaro huanzia katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Kwanza mnashika barabara ya Dar es Salaam, tambarare, hewa ya alfajiri bado nyepesi, na mlima kama umeamua kujionyesha unauona theluji yake. Halafu mnageuka, mnarudi mjini, na pale ambapo miguu imeshaanza kulalamika njia inainuka kuelekea Mweka. Wataalamu husema sukari ambayo mwili umeihifadhi kwenye misuli na ini hukaribia kwisha baada ya kilomita thelathini hivi. Ndiyo maana wakimbiaji wa kila nchi huzungumza juu ya ukuta. Chicago ukuta huo hukukuta kwenye tambarare. Moshi hukukuta unapanda.

Hakuna mashabiki wengi wenye mabango. Kuna watu wanaoendelea na Jumapili yao. Watoto wenye ndala hukimbia nawe mita mia mbili, hukushinda, hucheka, huacha. Bodaboda hukupisha. Na watu wazima, waliosimama kwenye vijia vya kuingilia vihambani, walinitazama wakasema neno moja.

"Pole."

Mzee mwenye fimbo: pole. Mama mwenye ndizi kichwani, yeye mwenyewe amebeba mzigo mzito kuliko wangu: pole, baba. Vijana wawili wa kuosha magari: pole sana, mzee. Nilikuwa nimelisahau. Nje mkimbiaji hupongezwa kabla hajamaliza. Kwetu hupewa pole. Neno hili hupewa mgonjwa, mfiwa, aliyejikwaa, aliyetoka safari, aliyenyeshewa. Wanafunzi wangu hulitafsiri kwa neno lao la kuomba radhi, kisha huniuliza kwa nini mtu aombe radhi kwa kosa lisilo lake. Huwaambia kwamba anayesema pole haombi chochote. Anakiri tu kwamba ameiona taabu yako, na watu wa pwani huwa na jibu lake: nimeshapoa. Darasani nimelieleza mara nyingi. Barabarani, kwenye mwinuko ule, kila mtu akinipa bila kujua ananipa ya nini, nililia huku nakimbia, na kwa kuwa nilikuwa nimelowa jasho hakuna aliyetambua.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya lami, ndoo ya maji pembeni. Alinipa kikombe na ndizi. "Pole, mwanangu," alisema. "Bado ni mbali?" Nikamwambia napanda kidogo kisha narudi. Akanipa ishara ya kiganja, nenda.

Niliporudi nikiteremka, misa ya kwanza ilikuwa imetoka. Wanawake wa jumuiya yake walikuwa wamesimama naye, na wazee wanne watano wa kijiji, wote na nguo za kanisani. Niliwatambua. Ndio waliochimba kaburi lile, waliopika, waliolala sakafuni nyumbani kwetu kwa wiki nzima mwaka 2011. Nilisimama. Sikupanga kusimama, saa ya mkononi ilikuwa inahesabu. Mzee wa kwanza alininyoshea mkono, nikaupokea, akasema pole. Wa pili vivyo hivyo. Nikajikuta nimepita mstari wote, mkono kwa mkono, kama inavyofanywa msibani, na wakimbiaji wenzangu wanapita nyuma yangu. Hakuna aliyemtaja baba. Mwanamke mmoja aliyenifundisha katekisimu alikishika kiganja changu kwa mikono miwili, hakukiachia mapema.

Nilipofika mwisho wa mstari nilikitazama kijia kinachoingia kihambani. Kaburi halifiki hatua mia kutoka barabarani. Niligeuza mguu.

"Unakwenda wapi?" mama aliuliza.

Nikamwonyesha kwa macho.

"Baba yako haendi popote," alisema. "Malizia kwanza, halafu urudi."

Kilomita zilizobaki zilikuwa za mteremko. Nilizimaliza kwa kutembea na kukimbia, zaidi ya saa tano, wakati mafundi wa jukwaa wameanza kukunja nyaya. Njiani nilikuwa nikifikiri juu ya Akhwari, na jinsi nilivyolisoma jibu lake vibaya. Dunia imeshika neno moja, kumaliza, nami nililishika hilo hilo kwa kuwa lilinifaa. Lakini katika jibu lile kuna neno jingine linalokuja kwanza, kutumwa. Na baba alikuwa amenieleza maana yake mwaka 1989, gazeti likiwa limekunjamana mkononi mwangu. Akhwari alirudi nyumbani na jibu la alikotumwa. Mimi nilifika dukani, nikanunua, nikakaa kutazama magari. Mama aliponiambia nimalize mwaka 2011, huenda naye alidhani kwamba sehemu ya pili ya sentensi haihitaji kusemwa.

Safari hii aliisema.

Jioni nilipanda kwa bodaboda, miguu haitaki hata kuinuka. Kaburi limezungushiwa masale, majani yale ambayo kwetu mtu humpelekea aliyemkosea, na aliyeletewa hawezi kukataa kusamehe. Nilikuwa nimekata jani moja njiani nikaona aibu kulichomeka, kwa kuwa yalikuwapo tele. Nikalichomeka hivyo hivyo. Nilikaa peke yangu mpaka mzee wa jirani, aliyesikia sauti ya pikipiki, akaja akasimama kando yangu.

"Umeshika namba ngapi?" aliuliza.

Nilimwambia ukweli, kwamba walionitangulia ni wengi mno hata sikumbuki namba yenyewe.

Alitikisa kichwa kwa muda mrefu. "Pole sana," alisema.

Sikujua kama alinipa pole ya mbio au ya msiba. Nilipokea zote mbili.